Joto Lililobaki Tangu Mwanzo wa Ulimwengu

Mtu akiingia jikoni alfajiri, akagusa mafiga na kuyaona yangali na uvuguvugu, hana haja ya kuambiwa ya kuwa usiku ule moto uliwaka hapo. Moto wenyewe hakuuona, na kuni zimekwisha kuwa majivu. Lakini joto lililobaki ni shahidi wa kutosha. Kwa njia kama hiyo wataalamu wa elimu ya nyota walipata kujua habari za mwanzo wa ulimwengu, na jinsi vitu vyote tuvionavyo vilivyotokana na nguvu.

Zamani wataalamu wengi walidhani ya kuwa ulimwengu ulikuwa katika hali ile ile siku zote. Mwaka 1927 padre mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alionyesha kwa hesabu ya kuwa ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alitangaza vipimo vilivyoonyesha ya kuwa kadiri makundi ya nyota yalivyo mbali nasi, ndivyo yanavyozidi kwenda mbio kutuacha. Lemaître akalifuata jambo hilo kinyumenyume: ikiwa vitu vinaachana leo, basi hapo kale vilikuwa vimesongamana pamoja. Wengi hawakukubali. Mwaka 1948 Fred Hoyle wa Uingereza na wenzake wawili walishikilia ya kuwa ulimwengu hauna mwanzo. Ubishi huo ulidumu miaka mingi, kwa kuwa shahidi wa kuukata hakuwapo.

Shahidi huyo alipatikana pasipo kutafutwa. Mwaka 1964, huko Holmdel katika jimbo la New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakipima mawimbi ya redio kwa eriali yenye umbo la baragumu, urefu wake futi 50. Wakapata mvumo hafifu, mfano wa ule wa redio isiyokamata stesheni. Waligeuza eriali huku na huku, mchana na usiku, lakini mvumo ulikuwa ule ule. Walikagua mitambo yote. Wakakuta njiwa wawili wamefanya kiota ndani; wakawaondoa na kusafisha mavi yao, wala mvumo haukukoma. Hatimaye wakapata habari za wataalamu wa Princeton waliokuwa wakijitayarisha kutafuta joto lililobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Kumbe ndilo lile lile! Habari hizo zilitangazwa mwaka 1965. Lemaître alizipata akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa kwake mwezi wa Juni 1966. Penzias na Wilson walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Sasa msomaji atauliza, nguvu hiyo ilifanya kazi gani? Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha ya kuwa uzito na nguvu ni kitu kimoja chenye sura mbili, na ya kuwa uzito kidogo una nguvu nyingi mno. Jua letu huangaza kwa njia hiyo: kila sekunde moja hupoteza uzito wa tani milioni 4 hivi, ambao hutoka kuwa mwanga na joto. Na kama uzito waweza kugeuka nguvu, nguvu nayo yaweza kugeuka vitu vyenye uzito.

Ndivyo ilivyotokea miaka milioni 13,800 hivi iliyopita. Ulimwengu ulikuwa umejaa nguvu yenye joto lisilosemeka. Ulipotanuka ukapoa, na katika kupoa huko nguvu ikazaa chembe ndogo ndogo. Katika dakika chache za kwanza yalitokea mabegu ya haidrojeni, karibu robo tatu ya uzito wote, na ya heli, karibu robo moja. Baada ya miaka 380,000 hivi joto lilikuwa limeshuka hata kufika digrii 3,000 hivi. Ndipo atomi zilipotengenea, na mwanga ukapata njia ya kusafiri. Mwanga huo ungali unasafiri hata leo, lakini umepoa hata ukafika digrii 270 chini ya sifuri. Huo ndio mvumo uliowasumbua mabwana wale wawili.

Chuma cha jembe hakikuwapo wakati ule. Kilipikwa baadaye ndani ya nyota, zilizopasuka na kukitawanya. Lakini haidrojeni iliyomo katika maji ya mtungini ni ya tangu mwanzo. Kwa hiyo mkulima anywapo maji baada ya kulima, hunywa kitu kilicho kikongwe kuliko jua linalomchoma mgongoni.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mabwana wale wangaliweza kuridhika kuwalaumu njiwa na kwenda zao. Walikataa kuacha jambo dogo wasilolielewa, na kwa ajili ya subira yao dunia nzima imepata maarifa.