Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Madeni katika Kuinuka na Kuporomoka kwa Dola ya Hispania

Makala haya yanafafanua jinsi udhaifu wa kiuchumi unavyoweza kuiinua dola kuu kabla ya kuiangusha. Mfano wetu ni Hispania ya karne ya 16 na ya 17, ambayo kivuli chake kilifika hadi pwani yetu. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, wakati Ureno, ingawa ilibaki na hazina yake, ilikuwa chini ya Mfalme Felipe II wa Hispania. Mwaka huohuo wa 1596, mfalme huyo alisitisha malipo ya madeni ya Castilla, na haikuwa mara ya kwanza.

Kiswahili hutumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa. Kwa Hispania, tofauti ya maana hizo mbili ilikuwa na uzito mkubwa. Madini ya Potosí, yaliyoanza kuchimbwa 1545, hayakuwa mapato tu, yalikuwa rehani. Kwa kutegemea shehena ambazo hazijatia nanga Sevilla, wakopeshaji wa Genoa walimpa mfalme pesa za kuwalipa askari walio mbali. Hivyo Hispania ilipigana vita vilivyozidi uwezo wa uchumi wake. Mwaka 1557 iliishinda Ufaransa huko Saint-Quentin, na mwaka huohuo ikashindwa kulipa wadai. Ushindi na ufukara vilikwenda sambamba.

Baadaye deni lilianza kuamua siasa. Malipo yalisitishwa 1575; Novemba 1576 askari waliokosa mishahara waliupora mji wa Antwerp, na siku chache baadaye majimbo yaliyokuwa yangali matiifu yaliungana na waasi mjini Ghent. Malipo yalisitishwa tena 1607, na 1609 Hispania ikakubali kusimamisha vita na Waholanzi kwa miaka 12. Yalipositishwa 1647, mwaka uliofuata uhuru wa Uholanzi ukatambuliwa rasmi. Deni halikuwa sababu pekee, lakini kila mara lilipunguza njia zilizosalia mbele ya mfalme.

Hata hivyo, si kila deni ni udhaifu. Jimbo la Holland nalo lilikopa sana, ila kutoka kwa raia wake wenyewe, likilipa kwa kodi zilizoidhinishwa na wawakilishi wao. Riba yake ikashuka. Castilla iliongeza kodi za nyama, divai, mafuta na siki, mzigo uliomwelemea zaidi mnyonge.

Kwa mshauri wa sera, funzo ni la kipimo. Kuhesabu ngome na meli ni kupima matokeo ya mikopo ya jana. Yafaa kuuliza: ni mapato gani yamekwisha kuwekwa rehani, kwa nani, na ni nani atakayeamua siku malipo yatakapokwama? Ngome ya Mombasa imesimama hadi leo. Hazina ya mfalme wake haikusimama.