Ahadi ya mdomo haitoshi unapobadilisha redio dukani

KUBADILISHA redio, spika au amplifaya ya zamani kwa nyingine bora kwa kuongeza fedha ni biashara rahisi kuianza. Ugumu hujitokeza pale mteja na mwenye duka wanapotofautiana baada ya fedha kulipwa.

Kwa wakazi wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, suala hilo lina uzito wake. Mji huo uko mbali na bandari ya Dar es Salaam, na kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa jenereta za dizeli. Amplifaya iliyodhoofishwa na umeme usiotulia inaweza kulia vizuri dukani kwa dakika tano, kisha ikanyamaza baada ya saa moja ya sauti kubwa.

Migogoro ya aina hii huangukia zaidi katika maeneo matatu.

La kwanza ni kasoro. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake. Hata hivyo, aliyekikagua kifaa kabla ya kukinunua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa upande mwingine, mteja anayeficha ubovu wa redio yake kwa udanganyifu humpa mwenye duka haki ya kuutengua mkataba, chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

La pili ni umiliki. Mtu asiye mmiliki, wala hakuruhusiwa na mmiliki, kwa kawaida hawezi kumpa mwingine haki asiyokuwa nayo. Spika ya wizi ikitambuliwa, aliyeinunua anaweza kuipoteza pamoja na fedha zake, na akajikuta akihojiwa na polisi.

La tatu, na ndilo linalosahaulika zaidi, ni ahadi ya mwenye duka kwamba atakinunua tena kifaa hicho baadaye. Sheria ya Mauzo inataka mkataba wa bidhaa yenye thamani ya shilingi 200 au zaidi uwe na maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa, au mnunuzi awe ametoa malipo ya awali, au amepokea sehemu ya bidhaa. Kiwango hicho ni cha zama za ukoloni na leo hugusa karibu kila kifaa. Hivyo, ahadi ya mdomo ya kununua tena inaweza kukosa nguvu mahakamani, hata kama ilitolewa mbele ya mashahidi.

Kinga yake ni karatasi moja yenye saini za pande zote mbili. Iandikwe namba ya kila kifaa, hali yake, muda wa majaribio na bei ya kununulia tena, kama ipo. Thamani ya kifaa cha zamani iandikwe peke yake, mbali na fedha zilizoongezwa, kwa kuwa biashara ikivunjika huenda redio hiyo imekwisha kuuzwa na kitakachodaiwa ni thamani yake.

Karatasi hiyo, pamoja na risiti, ndiyo itakayomsaidia mlalamikaji mbele ya Mahakama ya Mwanzo au Tume ya Ushindani, ambayo husimamia pia ulinzi wa mlaji chini ya sheria ya mwaka 2003.