Jezi ya Namba 15

Jezi ya Simba ninayoipenda kuliko zote haivaliki tena. Haijachanika, wala rangi haijapauka. Ina namba 15 mgongoni, na juu ya namba pameandikwa Tshabalala. Tangu Mohamed Hussein, mwenye jina hilo la utani, avuke barabara kwenda Jangwani kwa Yanga, shemeji yangu, Yanga wa damu, hanipi nafasi ya kupumua. Anataka nimuuzie ile jezi. Anasema atanipa bei nzuri kwa sababu mimi ni mfiwa.

Asiyefuatilia mpira ataona ni jambo dogo: mchezaji kahama, basi. Lakini huyu alitua kwetu Msimbazi mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar, akakaa beki ya kushoto miaka 11, akavaa kitambaa cha unahodha. Makocha walikuja wakaondoka, yeye yupo. Mwanangu wa kwanza alizaliwa, akatambaa, akaanza shule, kushoto pale ni Tshabalala. Ukimzoea mtu kiasi hicho humhesabu tena kama mchezaji, unamhesabu kama nguzo ya nyumba.

Vijiweni wakati wa usajili swali ni moja: "Umeuonaje usajili?" Nami hujibu kama wenzangu, kwa sauti ya mtu aliyewahi kufundisha timu. Namkubali Rushine De Reuck, kwa sababu beki aliyecheza Mamelodi Sundowns hawezi kutetemeka akiona watu wamejaa Uwanja wa Mkapa. Namkubali zaidi Jonathan Sowah. Msimu wa 2024/25 mfungaji bora wa ligi alikuwa wetu, Jean Charles Ahoua, mabao 16, na huyo ni kiungo. Sifa kwake, lakini washambuliaji walikuwa wapi? Tangu enzi za Meddie Kagere na John Bocco hatujapata namba tisa wa kumtegemea, yule ambaye mpira ukimfikia ndani ya boksi wewe unaanza kusimama kabla hajapiga. Sowah nilimwona akiwa Singida Black Stars. Ana njaa ya goli. Hapo nina matumaini, na sioni aibu kusema.

Wasiwasi wangu ni mwingine, na haunitoki. Nimechoka kujifunza majina.

Marehemu baba yangu alikuwa akikitaja kikosi cha 1974, kilichofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, kama mtu anayesoma dua: anaanza na Mambosasa golini, anakwenda hivyo mpaka kwa Kibadeni, na ole wako umkatize katikati. Mimi nina changu. Manula, Kapombe, Tshabalala, Wawa, Nyoni, Mkude, Chama, Bocco, Kagere, akaja Luis Miquissone. Kuanzia 2018 hadi 2021 tulibeba ubingwa mara nne mfululizo, na Al Ahly wenyewe wakafungwa Dar mara mbili, moja bila, kwanza na Kagere kisha na Luis. Siku hizo hata mama muuza vitafunwa nje ya kibanda umiza alijua nani anaanza. Mwaka 2021 Luis akaenda Misri kwa hao hao Al Ahly, Chama akaenda klabu ya Berkane. Yanga wakachukua ubingwa uliofuata, na uliofuata, na uliofuata, na ule wa 2024/25.

Sitaki kudanganya kwamba kuhama kwa watu wawili ndiko kulikotumaliza. Yanga walijenga timu kweli, na yale matano kwa moja waliyotufunga Novemba 5, 2023 hayakuwa bahati. (Shemeji aliiweka tarehe hiyo kuwa namba ya siri ya simu yake. Najua kwa sababu ameniambia mwenyewe.) Ninachosema ni kwamba wao walipokuwa wakiongeza tofali, sisi tulikuwa tukibomoa na kuanza msingi kila mwaka. Dirisha likifunguliwa tu, kurasa za klabu zinaanza kumwaga zile picha za kuaga. Mtaani tumezifanya kitenzi: fulani kapewa thenkyu.

Msimu huo wa 2024/25 nilidhani tumepona. Baada ya kushika nafasi ya tatu, alikuja Fadlu Davids na kikosi karibu chote kipya, tukaambiwa tuwe na subira. Tukawa nayo, na ikalipa: fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Berkane walitufunga 2-0 kwao, wakaja Zanzibar Mei 25. Mutale wetu akafunga mapema, Uwanja wa Amaan ukalipuka. Kagoma akala nyekundu, Mukwala akatikisa nyavu na VAR ikafuta, kisha mwishoni wao wakasawazisha. Mwaka 1993 fainali ilikuwa na Stella Abidjan, safari hii Berkane. Mara mbili tumefika fainali ya Afrika, na mara zote mbili kombe limenyanyuliwa na wageni kwenye ardhi yetu. Mwezi mmoja baadaye, Juni 25, tukaingia kwa Mkapa tukiwa nyuma ya Yanga kwa pointi moja. Tukafungwa mbili.

Iliuma, lakini nilitoka na kitu. Nilikuwa nimeshawajua wachezaji. Nilijua beki wetu Che Malone akichomoka na mpira ni nani wa kubaki nyuma. Nikasema hawa hawa, waongezwe watatu tu, mwakani tunabeba.

Che Malone kaondoka. Ngoma kaondoka. Manula karudi Azam. Tshabalala ndiyo hivyo.

Na mwaka 2025 kusubiri kulikuwa kurefu. Fainali za CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika, zilichezwa hapa kwetu na kwa majirani Agosti, kwa hiyo Simba Day, siku ya kutambulisha kikosi, ikasukumwa hadi Septemba, na kwa wiki kadhaa mimi na shemeji tulikaa kochi moja tukiishangilia Taifa Stars hadi Morocco walipotutoa robo fainali. Ulikuwa muda mzuri kuliko nilivyotarajia. Ila timu yangu ilikuwa kambini Misri, nami nikabaki kuisoma kwa picha za mazoezi: yule mrefu ni nani, na yule wa pembeni?

Juzi nilikwenda Kariakoo na mwanangu kununua jezi mpya, yake na yangu. Fundi wa kuchapa namba akauliza tuandike nani. Mtoto hakufikiri hata sekunde: Sowah. Nikamwambia achukue 12, ya Kapombe, mtu tunayemjua. Akaniangalia kwa huruma.

"Baba, Kapombe mzee."

Akaandikiwa Sowah. Ilipofika zamu yangu, nikaikunja jezi mgongo ukiwa mtupu, nikamwambia fundi nitarudi Januari, dirisha dogo likishafungwa.