Neno "au" na ujira wa mwanamke mweusi

Wanafunzi wa isimu aghalabu hulidharau neno "au". Huliona kuwa kiunganishi kidogo kisichostahili kupotezewa wakati. Hebu msomaji azingatie kauli mbili. Mama akisema, "Aende sokoni Amina au Juma," anataka mmoja tu aondoke. Mwalimu mkuu akitangaza kwamba ni marufuku kuja shuleni na simu au redio, yule atakayekuja na vyote viwili hawezi kujitetea kuwa kiunganishi kimemwokoa. "Au" ya kwanza hutenga, ya pili hukusanya. Huko Marekani, tofauti hii iliwahi kuwa mkate wa watu.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilimkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya mbari, rangi, dini, jinsia au asili ya taifa. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1976, wanawake watano weusi waliishtaki kampuni ya General Motors katika mahakama ya St. Louis. Kampuni hiyo ilichelewa mno kuwaajiri wanawake weusi. Kisha uchumi ulipozorota, ikapunguza wafanyakazi kwa kigezo cha ukongwe kazini. Aliyeingia mwisho akawa wa kwanza kutoka. Jaji alikiri kwamba wangeweza kudai wamebaguliwa kwa rangi, ama kwa jinsia, lakini si kwa vyote viwili kwa pamoja. Na madai ya jinsia hayakusimama, kwa kuwa kampuni ilikuwa imewaajiri wanawake miaka mingi kabla ya 1964. Kwamba wanawake hao walikuwa weupe halikuwa jambo la kumshughulisha jaji. Mwaka 1989, mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliirejelea kesi hii kuonyesha jinsi mtu anavyoweza kupotea katikati ya makundi mawili ambayo yote ni yake.

Ili kuelewa ni kwa nini wanawake hao walikuwa wageni kiwandani, hatuna budi kurudi nyuma. Mwaka 1940, wapatao 6 kati ya kila wanawake 10 weusi wenye ajira nchini humo walikuwa watumishi wa nyumbani. Kwa weupe, idadi hiyo ilikuwa karibu 1 kati ya 10. Miaka mitano awali, Ella Baker na Marvel Cooke waliandika katika jarida la The Crisis juu ya wanawake weusi waliosimama kwenye pembe za barabara za Bronx, New York, wakingoja mama wa nyumba apite awachague kwa ujira wa senti chache kwa saa. Waandishi hao wawili waliliita soko la watumwa, na sioni kwamba walitia chumvi. Isitoshe, sheria ya akiba ya uzeeni ya 1935 na ile ya kima cha chini cha mshahara ya 1938 ziliwaacha nje watumishi wa nyumbani na vibarua wa mashambani. Sheria hizo hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja kazi tu, na kazi ikatosha kutambulisha rangi. Wakati huo, mwanamke mweusi alipata chini ya senti 40 kwa kila dola ya mwanamke mweupe.

Kisha soko la kazi likageuka. Vita Vikuu vya Pili vilifungua baadhi ya viwanda. Sheria ya 1964 ikafungua ofisi, hospitali na idara za serikali. Kufikia mwishoni mwa miaka ya sabini, mwanamke mweusi aliyeajiriwa kwa saa kamili alipata zaidi ya senti 90 kwa dola ya mwenzake mweupe. Wengi walishangilia. Ni kweli hatua ilikuwa kubwa, ila tusisahau kwamba huyo mweupe mwenyewe alikuwa akipata takriban senti 60 kwa dola ya mwanamume. Kulingana na maskini mwenzio si utajiri.

Hata hivyo, miaka ya themanini mambo yalikwenda mrama. Ujira wa wenye shahada ulipanda, na wanawake weupe, waliokuwa na shahada kwa wingi zaidi, wakapanda nao. Viwanda vilifungwa, vyama vya wafanyakazi vikadhoofika. Kima cha chini cha mshahara kilikwama kwenye dola 3.35 tangu Januari 1981 hadi Aprili 1990, huku bei za bidhaa zikizidi kupaa. Pengo likapanuka tena, na halijazibika hadi leo. Wapo wasemao kuwa ni suala la elimu tu. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haielezi ni kwa nini kazi anayoishia mwanamke mweusi ndiyo ile ambayo sheria huikumbuka mwisho.

Mnamo 1980, Mahakama ya Rufani iliyosikiliza kesi ya mwanamke mweusi kutoka Harris County, Texas, ilisoma "au" kama mwalimu mkuu wetu: bunge lilikusudia kukataza ubaguzi kwa sababu yoyote kati ya zilizotajwa, au kwa zote kwa pamoja. Mwanasarufi angesema hivyo bila malipo.

Lakini neno jingine lilikuwa tayari likivizia. Sheria ya kima cha chini ilipopanuliwa mwaka 1974 ikawaingiza watumishi wa nyumbani, iliwaacha nje wale walioitwa "wenzi" wa wazee na wagonjwa. Evelyn Coke, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa "mwenzi" wa namna hiyo: aliwaosha, akawalisha, mara nyingine zamu ikawa ya saa 24. Alipodai malipo ya saa za ziada, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliikataa kesi yake mwaka 2007. Aliaga dunia mwaka 2009. Wizara ya Kazi ilibadilisha kanuni mwaka 2013, ikawaingiza walioajiriwa na mawakala wa huduma hizo. Kazi hiyo ya kuwaangalia wazee ndiyo wanayoianza wengi wa dada zetu Wakenya wanapofika Marekani, na si ajabu kwamba katika barua na simu zao nyumbani husema tu kwamba wanafanya kazi "hospitalini".