Kirikuu, pikapu na bei ya namba: hesabu za Bunju

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ya injini ya sisi 660 ikisajiliwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa mara ya kwanza, mwenyewe analipa shilingi 450,000. Pikapu ya Hilux ya sisi 2,982 inalipiwa 550,000. Tofauti ni laki moja, na kwa mtu anayenunua gari la mamilioni, laki moja si kitu cha kumkosesha usingizi.

Sasa gawanya kwa mzigo. Kirikuu imeundwa Japani kubeba kilo 350, sawa na mifuko saba ya saruji ya kilo 50. Pikapu inabeba kama tani moja, yaani mifuko ishirini. Kwa kila kilo ya uwezo wake, kirikuu imelipa shilingi 1,286 na pikapu imelipa 550. Gari dogo limelipa zaidi ya mara mbili.

Kwa Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, hili si jambo dogo. Kuanzia Boko na Basihaya, kupita Bunju A na Bunju B, hadi ndani Mabwepande, nyumba zinapanda kila upande, na saruji, nondo, mabati na matenki ya maji hayafiki kiwanjani kwa fuso peke yake. Kazi ya tripu ndogondogo ni ya kirikuu na pikapu. Gharama zao hatimaye zinaangukia kwenye bei ya mfuko mmoja wa saruji.

Ada zimefikaje hapa

Malipo ya usajili yana mafungu mawili. La kwanza ni ada ya usajili yenyewe. Julai 2016 ilipanda kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000 kwa kila gari, liwe dogo au kubwa. Pikipiki nazo zikatoka 45,000 kwenda 95,000.

Fungu la pili ni ada ya leseni ya gari, ambayo zamani ililipwa kila mwaka. Tarehe 8 Juni 2017, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alitangaza bungeni kufuta malipo hayo ya kila mwaka. Tangu Julai mwaka huo inalipwa mara moja tu, gari linaposajiliwa, na viwango vikapandishwa: sisi 501 hadi 1,500 ni shilingi 200,000, sisi 1,501 hadi 2,500 ni 250,000, zaidi ya hapo ni 300,000. Ndiyo maana Hilux ya sisi 2,494 inalipiwa jumla ya 500,000 na mwenzake wa sisi 2,982 analipiwa 550,000. Sisi sita pungufu ya mpaka zimeokoa shilingi 50,000.

Kadi ya gari nimeiacha nje ya hesabu hizi kwa kuwa bei yake ni moja kwa magari yote: bajeti ya 2019 iliipandisha kutoka 10,000 hadi 50,000.

Ukilinganisha na kodi za bandarini, namba ni kitu kidogo. Chukua pikapu iliyofika Dar es Salaam kwa shilingi milioni 12, bima na usafiri vikiwemo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 3. VAT ya asilimia 18 juu ya milioni 15 ni 2,700,000. Hapo bado hujagusa ushuru wa uchakavu wala tozo ndogondogo, na gari limeshafika 17,700,000. Usajili wa 550,000 ni kama asilimia 3 ya fedha hiyo. Kwa kirikuu iliyofika kwa milioni 5, hesabu hiyohiyo inatoa 7,375,000, na usajili wake ni zaidi ya asilimia 6. Kila unapoipima, mzani unaelemea upande wa gari dogo.

Leseni iliyohamia kwenye mafuta

Leseni ya mwaka haikufutwa bure. Serikali iliongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Swali la mwenye gari ni moja: nimepata au nimepoteza?

Kabla ya Julai 2017, pikapu ya sisi 2,494 ililipiwa leseni ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 40, unapata lita 5,000. Ikiwa gari linatembea kilomita 10 kwa lita, ni kilomita 50,000. Anayetembea chini ya hapo amepata nafuu; anayepita hapo analipa zaidi ya zamani. Kirikuu ililipiwa 150,000, sawa na lita 3,750. Kwa kilomita 14 kwa lita, mpaka wake ni kilomita 52,500.

Kilomita 50,000 kwa siku 300 za kazi ni kama 167 kila siku. Bunju hadi Kariakoo ni kama kilomita 35, kwa hiyo gari lazima liende na kurudi zaidi ya mara mbili kwa siku, mwaka mzima, ndipo mwenyewe aanze kupoteza. Gari la kusambaza saruji kati ya Tegeta na Mabwepande halifiki huko. Na lile lililowekwa juu ya mawe likisubiri injini, ambalo zamani lilikuwa linalimbikiza deni la leseni, sasa halidaiwi hata senti.

Hapa gari dogo limepona. Malipo yanayofuata matumizi yanamtendea haki mwenye kirikuu. Malipo ya mkupuo mmoja ndiyo yanayomuumiza.

Njano au nyeupe

Gari binafsi linavaa namba za njano. La biashara, namba nyeupe. Kwa gari la saluni, uamuzi ni rahisi. Kwa pikapu ni mgumu, kwa sababu gari moja linaweza asubuhi kubeba saruji ya duka la mwenyewe na jioni kuhamisha makochi ya mpangaji kwa malipo.

Wengi huchagua njano kwa sababu ya gharama za kila mwaka. Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 100,000, na ukiongeza VAT inakuwa 118,000. Ukivaa nyeupe, bima inahesabiwa kwa viwango vya biashara, leseni ya LATRA ya kubeba mizigo ya kukodi inaingia, na TRA inataka kodi ya mapato ya gari hilo. Hakuna kati ya hayo kinacholipwa mara moja kikaisha.

Lakini njano nayo ina bei yake. Faini ya trafiki ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Ukikamatwa mara nne, umeshapita bima ndogo ya mwaka mzima. Hiyo bado ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni ajali. Aliyekata bima kubwa ya gari binafsi, kisha akagongwa akiwa na mzigo wa kukodi, ameipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kumlipa. Pikapu ya milioni 17 inaweza kupotea kwa ajili ya tripu ya makochi.

Hesabu ya rangi basi haianzii kwenye ada. Inaanzia kwenye tripu. Kama tripu za kulipwa ni za mara chache, kama pale jirani anapohama, waachie wenye namba nyeupe. Kama ndizo zinazolipa mshahara wa dereva, gari hilo ni la biashara hata kama kibao chake ni cha njano, na askari barabarani analijua hilo kabla hujashusha kioo.

Namba D ya mwaka gani?

Madalali wa magari huuza kwa herufi: "hii ni namba D", "hii ni namba E, mpyaa". Namba ya Tanzania Bara ina T, tarakimu tatu na herufi tatu. Kila herufi ya mwanzo ina nafasi zisizozidi 675,324, kwa hiyo A, B, C na D kwa pamoja haziwezi kuzidi magari milioni 2.7, tangu mfumo huu uanze mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pikipiki na bajaji siku hizi zina MC yao.

Herufi hiyo inakueleza gari limesajiliwa lini hapa nchini. Haisemi limetengenezwa lini. Kirikuu iliyoundwa 2006 na kusajiliwa miaka mingi baadaye inavaa D sawasawa na iliyotoka kiwandani mwaka huohuo wa kusajiliwa. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi, na kadi ndiyo ya kuombwa kabla ya kujadili bei.

Kadi hiyohiyo lazima iingie jina lako. Ada ya kuhamisha umiliki ni shilingi 50,000, kadi mpya 50,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei. Kwa pikapu ya mkononi ya milioni 12, jumla ni 220,000. Anayeikwepa anabaki na mkataba wa mauziano tu, huku daftari la TRA likiendelea kumtambua muuzaji: faini zinamfuata yeye, na mnunuzi akitaka kuuza au kukopea gari hilo, inabidi amtafute mtu aliyeachana naye miaka mitatu iliyopita.

Kinachoweza kubadilika

Ada ya leseni tayari inapangwa kwa ukubwa wa injini. Ada ya usajili ya 250,000 ndiyo isiyojali ukubwa. Ingepangwa kwa shilingi 250 kwa kila kilo ya uwezo wa kubeba, pikapu ya tani moja ingeendelea kulipa 250,000 zilezile na kirikuu ingelipa 87,500. Hata hapo, pamoja na leseni, kirikuu ingekuwa imelipa shilingi 821 kwa kilo, bado juu ya pikapu, lakini pengo lingekuwa limepungua kwa zaidi ya nusu.

Mpaka siku hiyo, mwenye kirikuu atafanya anachofanya sasa: atapakia mifuko kumi na miwili kwenye gari la mifuko saba, springi zikilala, ili ada igawanyike vizuri zaidi.