Njia ya Majivu: Kwa Miguu kutoka Ngorongoro hadi Ziwa Natron

Wageni wengi wafikao Ngorongoro huitazama kasoko kutoka ukingoni, hushuka kwa gari kuwaona faru na simba, kisha hurudi walikotoka. Ni wachache wanaofahamu kwamba kutoka hapo kuelekea kaskazini-mashariki ipo njia ya miguu, ambayo wafugaji wa Kimasai huipita pamoja na punda wao, na ambayo humfikisha msafiri Ziwa Natron kwa muda wa siku nne au tano. Njia hiyo ina jambo lisilopatikana kwa urahisi penginepo. Kila siku ya mwendo humtoa mtu katika volkeno ya kale na kumtia katika nyingine iliyo changa zaidi, hata siku ya mwisho akakanyaga ile ambayo haijazimika bado.

Ngorongoro yenyewe ilikuwa mlima mkubwa. Zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita mawe yaliyoyeyuka, ambayo wataalamu huyaita zaha, yalitoka kwa wingi chini ya kilele chake. Tumbo la mlima likabaki tupu, na kilele kikadidimia ndani. Shimo lililobaki lina upana wa kilomita zipatazo 19 na kina cha mita 600 hivi. Wanajiolojia huliita kaldera, ili kulitofautisha na kasoko ya kawaida, ambayo ni mdomo tu wa volkeno.

Msafara hukusanyika katika kijiji cha Nainokanoka. Kiongozi aghalabu ni Mmasai wa huko huko. Pamoja naye huenda askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwani nyati wa nyanda hizo hawana desturi ya kubisha hodi. Mahema, vyakula na madumu ya maji hubebwa na punda. Mtu aliyezoea gari hushangaa kuona jinsi hesabu yote ya safari inavyotegemea maji: yapatikane wapi, ni ya namna gani, na punda watayafikia saa ngapi. Jambo hili litarudiwa hapa chini, maana ndilo zito kuliko yote katika nchi ile.

Siku ya kwanza hupandwa Olmoti, mlima wenye urefu unaozidi mita 3,000. Kasoko yake si ya kutisha: ni uwanja wa nyasi uliozungukwa na kuta fupi. Humo ndimo unamoanzia Mto Munge, ambao hupenya ufa uliopo ukingoni, huporomoka gengeni, kisha hushuka mpaka sakafu ya Ngorongoro na kuishia katika ziwa la magadi lisilo na mlango wa kutokea. Lakini sifa kubwa ya Olmoti iko mbali na hapo, upande wa magharibi. Majivu iliyoyatapika zama zile yaliangukia bonde la Olduvai na kujenga sehemu kubwa ya tabaka za chini kabisa za bonde hilo. Mwaka 1959 Mary Leakey alipogundua humo fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, hakuna aliyejua kwa hakika umri wake. Mwaka 1961 yalipimwa majivu yaliyolizunguka, kwa njia ya kuhesabu kiasi cha potasiamu kilichokwisha kugeuka kuwa gesi ya agoni, ikapatikana miaka milioni 1.75. Mfupa wenyewe usingaliweza kueleza habari hiyo. Majivu ndiyo yaliyoieleza.

Kutoka Olmoti njia hukata uwanda mpana wa nyasi na kufika Bulati, huku mlima Loolmalasin, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,600, ukiwa upande wa kulia. Usiku wa huko ni wa baridi kali, na asubuhi si ajabu kuona umande umeganda juu ya hema. Kesho yake hufikiwa Empakaai, kaldera ndogo kuliko Ngorongoro lakini, kwa maoni ya wengi waliozitazama zote mbili, nzuri kuishinda. Kuta zake zimevaa msitu ambao miti yake imening'iniza ndevu za kijivu, na karibu nusu ya sakafu ni ziwa la magadi lenye kina kinachokadiriwa kufikia mita 80. Hilo ni jambo la kipekee, kwa kuwa maziwa mengi ya magadi ya Bonde la Ufa ni ya kina kifupi mno. Ukingoni mwa maji husimama heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo. Kushuka huchukua saa moja hivi. Kupanda huchukua muda mrefu zaidi na maneno machache zaidi.

Kutoka ukingo wa Empakaai, anga ikiwa safi, mlima wa mwisho huonekana ukisimama peke yake chini bondeni, umechongoka, kichwa chake cheupe. Wamasai huuita Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Weupe ule si theluji. Ni zaha.

Hapa yafaa kutua kidogo, kwa sababu Lengai, mlima wenye kimo cha mita 2,962, haufanani na volkeno nyingine yoyote iliyo hai duniani. Zaha ya volkeno za kawaida imejaa silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga na kioo, na hutoka ikiwa na joto la nyuzi za sentigredi 1,000 au zaidi. Zaha ya Lengai karibu haina silika kabisa. Imefanyizwa kwa kaboneti za sodiamu, kalsiamu na potasiamu, yaani ni jamaa ya magadi, na joto lake huwa kati ya nyuzi 500 na 600 tu. Mchana hutiririka nyeusi kama mafuta machafu ya injini, tena nyepesi kama maji ya tope. Usiku tu ndipo wekundu wake hafifu huonekana. Ikipata unyevu wa hewa hubadilika ndani ya saa au siku chache ikawa nyeupe. J. B. Dawson ndiye aliyeieleza zaha hiyo kwa ulimwengu wa sayansi baada ya kuishuhudia mwaka 1960. Mojawapo ya madini yake mawili makuu huitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. La pili ni gregoryite, kwa kumkumbuka J. W. Gregory, mchunguzi wa Bonde la Ufa.

Njia ishukayo kutoka Nayobi hadi bondeni ni ya vumbi tupu, na vumbi hilo lote ni majivu. Upepo wa nchi ile huvuma zaidi kutoka mashariki, hivyo kwa maelfu ya miaka majivu ya Lengai na ya jirani yake Kerimasi, ambayo imekwisha kuzimika, yamechukuliwa mpaka mbuga za Serengeti. Huko mvua huyayeyusha chumvi zake na kuziteremsha chini kidogo, ambako hukauka na kuwa tabaka gumu kama saruji. Mizizi ya miti haiwezi kulipasua. Nyasi fupi hazina haja ya kulipasua. Nyasi hizo zina kalsiamu na fosforasi kwa wingi, vitu anavyovihitaji mnyama anyonyeshaye, na ndiyo sababu mojawapo ya nyumbu zaidi ya milioni moja kwenda kuzalia huko kati ya Januari na Machi.

Lakini majivu yale yale humdai mwanadamu gharama. Volkeno za kaskazini mwa Tanzania zina floridi nyingi, nayo huingia katika chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Sehemu nyingi za kaskazini hupita kipimo hicho. Mtoto akuaye kwa maji hayo meno yake hushika madoa ya kahawia, na kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi hata mifupa huumbuka. Kuyachemsha hakufai kitu: maji hupungua kwa mvuke, floridi ikabaki pale pale. Mkaa wa mifupa huweza kuichuja, lakini ni nani atakayeubeba mpaka Nayobi, na kuubadilisha kila unapochoka? Kwa sababu hiyo mama wa boma ambaye hutembea mwendo mrefu kupita chemchemi ya karibu ili ateke maji kwingine, huenda anajua afanyalo kuliko mgeni anayemwonea huruma.

Na mlima bado haujamaliza kazi yake. Katikati ya mwaka 2007 ardhi ilianza kutetemeka. Tarehe 17 Julai tetemeko lenye kipimo cha 5.9 lilitikisa hata majengo ya Nairobi. Mwezi Septemba Lengai ulilipuka, safari hii si kwa zaha nyepesi bali kwa wingu la majivu, na milipuko ikaendelea hadi mwaka 2008. Watu wa karibu walihama kwa muda pamoja na mifugo yao. Kasoko ambayo zamani ilikuwa imejaa hadi kufurika ikageuka shimo refu, na chini ya shimo hilo zaha nyeusi imeanza tena kutoka.

Wanaotaka kuipanda huondoka yapata saa sita za usiku, ili jua lisiwakute mtelemkoni. Ni kupanda karibu mita 2,000 kwa saa tano au sita, katika majivu yaliyogandamana ambayo mahali pengine huteleza kama sakafu iliyopakwa sabuni. Kiongozi mwema huwarudisha watu akisikia ngurumo, au harufu ya kiberiti ikizidi, hata kama wamelipa na wanalalamika.

Wasiopanda hawakosi kitu. Karibu na kijiji cha Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, yapo matope ya majivu yaliyoteremshwa na maji kutoka mlimani na kugeuka jiwe. Juu yake zimehifadhiwa nyayo za binadamu zaidi ya 400, ambazo umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulitambua kundi la watu 17 waliotembea pamoja bila haraka, wengi wao wakidhaniwa kuwa wanawake, labda katika shughuli za kutafuta chakula. Walikuwa wakielekea kusini-magharibi. Wengine sita walipita hapo hapo wakielekea kaskazini-mashariki, na mmoja wapo alikuwa akikimbia.