Vidole Huanza Shule Jikoni

Kokoto moja hurushwa juu. Kabla haijashuka, vidole viwe vimeshachomoa nyingine kutoka kwenye shimo dogo mchangani, kisha kiganja kigeuke upesi kuidaka ile ya kwanza. Watoto wa Kisomali huuita mchezo huu gariir. Watoto wa pwani huuita mdako. Anayepita barabarani huona mchezo tu, lakini jicho, kifundo cha mkono na vidole vyote vitano vinafanya kazi kwa pamoja, na hilo ndilo litakalohitajika siku mtoto atakapopewa penseli.

Mkono wa binadamu, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Minane kati yake iko kwenye kifundo, na mtoto anapozaliwa sehemu hiyo bado ni gegedu laini ambayo hugeuka mfupa polepole kwa miaka mingi. Mtoto mchanga hufumba ngumi juu ya chochote kinachogusa kiganja chake, bila kukusudia. Kati ya miezi 9 na 12 huanza kuokota vitu vidogo kwa ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, na ushikaji huo ndio utakaomsaidia kufunga kifungo, kushika sindano na kuandika. Kumlazimisha mtoto wa miaka 3 ajaze daftari kwa herufi ni kumdai kazi ambayo mkono wake haujaiva kuifanya.

Mjini Takaba, kaunti ya Mandera, mzazi hana haja ya kuagiza vifaa kutoka Nairobi. Mwongozo wa malezi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2012 unapendekeza vitu vya nyumbani vilivyo safi na salama: mtoto wa miezi 6 apewe vya kushika, kugonga na kuangusha, aliyetimiza mwaka apewe vya kupanga kimoja juu ya kingine, na vya kutia na kutoa chomboni. Vikombe vya plastiki na sufuria ndogo vinatosha. Shule za awali za madrasa zilizoanza Mombasa katika miaka ya 1980, kisha zikafika Zanzibar na Uganda, nazo zilitumia vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto.

Kazi zenyewe ziko tele. Mchele unapochambuliwa kwenye sinia, mtoto wa miaka 4 anaweza kukaa kando ya mama akiokota vijiwe na chuya, kimoja kimoja. Chujio la chai lililochakaa huwa kifaa kizuri: ligeuzwe chini juu, mtoto apenyeze nyasi kavu katika matundu yake. Kufungua na kufunga kifuniko cha jerikeni tupu hukipa nguvu kifundo. Kamba za mbuzi hufundisha kupiga fundo na kulifungua, na vibanio vya nguo huimarisha vile vidole vitatu vinavyoshika penseli.

Ramadhani huleta somo jingine: sambusa. Manda hukunjwa pembe kwa pembe mpaka ipatikane koni, nyama ikatiwa ndani, kisha ukingo ukapakwa unga uliokorogwa kwa maji na kubanwa usiachie. Hapo mkono mmoja hushikilia na mwingine hukunja. Mtoto wa miaka 5 au 6 aanze na manda tupu, mbali na moto na mafuta. Zake zikipinda, zipinde, mazoezi ameshayapata.

Maji katika nchi kame ni ya kutunzwa, hivyo mazoezi ya kumimina yafanywe kwa mchanga mkavu, kutoka kikombe hadi kikombe. Mchanga huohuo, ukisawazishwa kwenye sinia, ni ubao wa kuchorea alifu au A kwa kidole. Duksi, yaani shule za Kurani, nazo zina ubao wa mbao, kalamu ya kijiti na wino wa makaa. Kijiti kikikandamizwa mno wino humwagika, kikilegea herufi haitokei, na kwa njia hiyo mtoto hujifunza kupima nguvu ya vidole.

Tahadhari ni lazima. Maharagwe, shanga na kokoto humkaba mtoto aliye chini ya miaka 3, kwa hiyo asiachiwe. Betri ndogo za duara ziwekwe mbali kabisa. Moja ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa chache. Chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya mifugo haifai kuchezewa hata ikioshwa.

Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji, na mzazi ana haki ya kumwomba muuguzi amweleze. Mtoto ambaye kabla ya kutimiza mwaka hutumia mkono mmoja tu, huku mwingine ukibaki umefumbwa au umelegea, apelekwe hospitalini bila kungoja zamu ya chanjo. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyepita mwaka bila kuokota vitu vidogo kwa ncha za vidole, au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao.